Maji Yaliyomchukua Kefa

Shika Adabu, Likoni,
Mombasa.
Jumanne, 11 Juni 2024

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti lako limeacha kukusumbua, na mvua imekuachia mahindi ya kutosha hapo Kibwezi. Sisi huku hatujambo. Janice anakuamkia sana. Kile kikohozi kilichomkaba tangu Pasaka kimekwisha, sasa amerudi kunigombeza kwa sauti yake kamili. Watoto wanasoma. Mimi bado niko bandarini, zamu ya asubuhi, na jioni niko kanisani kama kawaida yangu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na mara zote tatu umepokea kwa kusema Bwana asifiwe, Mchungaji. Tukaishia kuzungumza habari za ng'ombe. Ndiyo maana nimekaa kuandika, na mdogo wangu Lynnette akija huko keshokutwa atakukabidhi mkononi. Isome kwanza ukiwa peke yako. Najua video aliyokutumia Ronny, ile ya mimi nikimbatiza mama mmoja mafurikoni, umeionyesha kanisa zima la huko. Najua pia mmeshapanga kuja wewe na akina mama wenzako Jumapili hii, kushuhudia Askofu akiniwekea mikono niwe mchungaji kamili. Mama, nakuomba safari hiyo uivunje. Sitawekewa mikono. Sababu yake ni hiyo hiyo video, na nitakueleza tangu mwanzo ili usisikie kwa watu.

Unajua mvua ya mwaka huu ilivyofanya. Mto Tana ulifurika, vijiji vya huko chini karibu na Garsen vikafunikwa hadi kwenye mapaa. Kanisa letu likaamua kupeleka misheni ya chakula na Neno, nami nikapewa kuiongoza. Askofu hakunificha. Alisema nikirudi na roho zilizookolewa, mwezi wa sita ananiweka wakfu. Miaka kumi na moja nimekuwa mzee wa kanisa, nikisimama mimbarini pale tu mchungaji anapougua au anaposafiri. Nilikitaka cheo hicho, Mama. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kukiri mbele yako.

Siku ya kuondoka tulipakia lori unga, maharagwe na mablanketi. Jirani yetu Mzee Mahfudh, yule mwenye duka la viungo uliyempenda ulipokuja, alitoka na mkewe Bi Ummulkheir wakitusukumia magunia mawili ya makaa, katoni ya chumvi, na viberiti vilivyofungwa vizuri ndani ya plastiki. Ronny, mwalimu wetu wa kwaya, ambaye pia ndiye hupiga video za kanisa, alicheka akauliza tangu lini watu wa mjini wakawapelekea makaa watu wa msituni. Bi Ummulkheir hakukasirika. Alisema palipojaa maji hapana kuni kavu, tuchukue tu, tutamkumbuka. Mama, maharagwe yale huchemka saa tatu nzima. Siku ya kwanza tu makaa ya Bi Ummulkheir yaliisha, na Ronny ndiye aliyekuwa akikung'uta gunia kutafuta vipande vya mwisho.

Tulivuka feri asubuhi, tukapita Mishomoroni, tukashika njia ya Malindi. Kufika kule tukakuta lami ndiyo imekuwa kijiji. Kila mahali pengine ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, na juu ya barabara watu wamejenga vibanda vya maturubai, mbuzi na kuku na vitanda vyao pamoja. Walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Walitupisha turubai lililo kubwa kuliko yote, wenyewe wakabanana.

Jioni nikahubiri. Nikachagua gharika ya Nuhu. Usicheke, au cheka, mimi mwenyewe sijui nilikuwa nafikiri nini. Niliwaambia watu waliolala juu ya lami wiki tatu kwamba maji hushuka pale watu wanapomsahau Mungu. Nilipaza sauti sana, nikatokwa na jasho, Ronny akaniambia nimehubiri kama malaika. Nilipomaliza, mzee wao wa kanisa aitwaye Komora alinijia na kunishukuru. Kisha akanieleza kwa adabu kwamba wao ni Wakristo tangu enzi za wamishenari, babu zake walibatizwa, na kengele ya kanisa lao iko chini ya maji upande ule. Ndivyo ilivyokuwa, Mama: tulikwenda kuwaokoa watu waliookoka kabla babu yetu hajavaa suruali. Lakini mimi nilikuwa nimeahidi roho. Nikamjibu kwamba kunyunyiziwa maji usoni utotoni si ubatizo, sharti mtu azamishwe. Mzee Komora alinitazama, akasema nipumzike, safari ilikuwa ndefu.

Asubuhi yake akaja mwanamke mmoja anaitwa Dhahabu. Umri wake kama wa Lynnette, mwembamba, sauti ya chini. Aliniambia maji yalipoingia kijijini kwao alikuwa shambani, na mwanawe wa miaka minne, Kefa, alikuwa jikoni kwa nyanya yake. Nyanya alipatikana hai juu ya mti. Mtoto hakuonekana, wala mwili wake. Halafu Dhahabu akaniuliza swali. Jibu nililompa nitalifikia, maana ndilo linalonifanya niandike barua hii. Baada ya jibu hilo alisema basi, na yeye nimwandike miongoni mwa watakaobatizwa.

Walikuwa tisa. Mto ulikuwa na mamba, kwa hiyo tukachagua shamba la mpunga lililofurika kando ya barabara, maji ya kifuani. Hapo ndipo video unayoijua inapoanzia. Umeona alivyosimama ukingoni akitetemeka, Ronny akasema nyuma ya kamera kwamba pepo limeanza kuogopa. Umeona nilivyomlaza chini, na alivyoanza kurusha mikono na miguu. Umesikia wenzangu wakiimba kwa nguvu na Ronny akipiga kelele likemee, likemee, nami nikamkandamiza zaidi nikiliamuru pepo limtoke. Mwishowe umemwona ametulia, nikamnyanyua, nikasema limetoka, watu wakalipuka haleluya. Video inaishia hapo. Wewe na wenzako mmelia kwa furaha, na siwalaumu, kwa sababu hata hapa kanisani ilipoonyeshwa ukutani watu walilia.

Sasa nikuambie kilichofuata baada ya kamera kuzimwa. Dhahabu alikuwa hapumui. Alitulia kwa sababu nguvu zilimwishia, hapakuwa na pepo. Mzee Komora na wanawake wawili waliruka majini wakamnyang'anya mikononi mwangu, wakamlaza ubavu juu ya lami, wakamgonga mgongo mpaka akatapika maji. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa Kefa. Aliliita jina hilo mara nyingi sana. Wale wanawake wakamfunika kwa blanketi letu, wakanipa mgongo, na hapakuwa na mtu aliyenitukana. Heri wangenitukana. Tuliondoka mchana huo huo, na kabla hatujafika Malindi Ronny alikuwa ameshaituma video kila mahali.

Mama, ungeweza kusema mwanangu alikosea kwa kutojua. Watu wetu tumefundishwa kwamba anayepigana na maji ya ubatizo ana kitu ndani yake, nami nimeona mengi ya namna hiyo tangu ujana. Lakini mimi nilijua. Kabla kichwa chake hakijazama alinishika shati kifuani, akasema, "Mchungaji, siwezi, nitoe." Alisema karibu na sikio langu, ndiyo maana hayamo kwenye video. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikaiona kamera ya Ronny, nikamkumbuka Askofu, nikakumbuka kwamba wawili kabla yake walizama vibaya na picha haikupendeza. Nikamzamisha.

Na lile swali lake la asubuhi lilikuwa hili: je, maji yamemchukua mwanangu kwa sababu mimi nilinyunyiziwa tu, sikuzamishwa? Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kumwambia sijui, nikae nilie naye. Nilimwambia ndiyo. Nilimwambia akizamishwa Mungu atamwachilia amani. Mama aliyefiwa na mtoto majini aliingia ndani ya maji yale yale kwa neno langu, na alipoomba kutoka nilimkataza. Hiyo ndiyo video yako. Nimeandika sentensi hizi mara nne, kila mara nikitafuta namna ya kujipunguzia, na sikuipata.

Siku nyingi nilinyamaza. Watu kanisani walinipa mkono, nami nikainamisha kichwa, wakasema angalia unyenyekevu wake. Kulala sikulala, kula sikula, Janice akadhani ni malaria. Mtu wa kwanza niliyemwambia alikuwa Mzee Mahfudh, alasiri moja kibarazani kwake, kwa sababu aliniuliza makaa yalifaa? Nikajikuta nimemwaga yote. Alisikiliza huku akipepeta bizari, kisha akasema, "Mwanangu Kioko, wallahi mambo ya kanisa lenu mimi siyajui. Lakini huyo mwanamke ushamtaka radhi?" Nikasema bado. Akasema, "Basi waniambia mimi ya nini?" Akaendelea na bizari yake.

Nikampigia Mzee Komora, naye akampa Dhahabu simu. Nilimwambia jibu nililompa lilikuwa uongo, kwamba mwanawe hakuchukuliwa kwa kosa lolote lake, na kwamba nilimsikia aliposema siwezi. Yeye akaniuliza kama nina watoto. Nikasema watatu. Akauliza mdogo ana miaka mingapi. Nikasema minne. Akakata simu. Niliingia chumbani nikamkuta Janice anakunja nguo, na hapo ndipo nilipomweleza mke wangu. Alilia, Mama, na hakunigombeza hata kidogo, nikajua jinsi jambo lilivyo zito.

Jana nilikwenda kwa Askofu. Si mtu mbaya, usije ukamchukia. Alifunika uso kwa mikono yake, kisha akasema video ile imewaleta watu wengi kanisani, na kwamba ukweli tunaweza kuusema polepole baada ya kuwekwa wakfu. Nikamwambia polepole yangu imeshamtosha Dhahabu. Nikamwomba aifute, na Ronny pia nimemwomba. Ronny ameifuta huku machozi yakimtoka. Askofu amenizuia kusimama mimbarini mpaka kamati ikae, na ana haki. Lakini video imeshasambaa kuliko mikono yetu inavyofika, ndiyo maana nakuomba jambo gumu. Waite wale akina mama uliowaonyesha. Waambie mama yule hakuwa na pepo, alikuwa na uchungu wa mwanawe. Waambie mtoto anaitwa Kefa. Najua itakuaibisha mbele ya watu, nawe umejivunia mimi tangu nilipokuwa nasoma Zaburi shuleni. Nisamehe, Mama.

Na sasa kuhusu Jumapili yenyewe. Maji kule yameanza kupungua, watu wamerudi kusafisha nyumba zao. Juzi Dhahabu alinipigia mwenyewe. Walipokuwa wakizoa matope jikoni, chini ya ukuta ulioanguka, wamempata Kefa. Amepelekwa hospitali kwa ajili ya kibali cha kuzika, na mazishi ni Jumapili hii. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumuuliza. Aliniambia wana mchungaji wao wa kusoma maneno, mimi nije na jembe langu, nishuke shimoni nichimbe pamoja na wajomba zake mtoto. Akasema nisihubiri, nisiombe kwa sauti, nisimwambie mtu yeyote neno la kumfariji. Nichimbe tu. Mzee Mahfudh amesema tutakwenda naye, mtu asiende peke yake mahali kama pale, na Bi Ummulkheir ameshafunga magunia mengine ya makaa.

Nisalimie shangazi, nisalimie majirani wote, na yule Kimani wa kinu cha posho mwambie namkumbuka. Janice na watoto wanakubusu mkono. Usilale na mawazo kwa ajili yangu, kula vizuri, na dawa ya goti usiiache hata ukijisikia nafuu. Tangu nikiwa mdogo umekuwa ukiniombea kila asubuhi Mungu anipe maneno. Jumapili hii, Mwaitu, uniombee ninyamaze.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kioko