Mstari Uliouacha Wazi

Baba,

Nakuandikia kutoka meza ya jikoni, kwenye kiti chako. Ni saa nane mchana na pazia nimelifunga. Ungeniona ungesema, "Rehema, mchana ni wa bure, unaufungia nini?"

Mjukuu wako Imani amerefuka. Kofia yako ya sufu anaivaa yeye sasa, na mtu akiigusa ni ugomvi. Mimi bado nahudumia wazee wa watu na nyumbani sina mzee wa kumpikia uji.

Fomu yako niliipata ndani ya Biblia. Kumbe uliposikia kamati ya jeshi kule nyumbani inapitia upya mafaili ya waliofukuzwa, uliiomba bila kuniambia. Maisha yako yote karatasi ya jeshi ilisema umefukuzwa kwa fedheha, koplo aliyeacha lindo. Na wewe ukawa na jibu moja tu: "Sikuliacha. Niliondolewa." Umejaza kila kitu kwa herufi zako zilizosimama: namba yako, shule uliyokuwa ukiilinda, familia zilizokimbilia humo, na kwamba uliporudi madarasa yalikuwa matupu. Swali la mwisho linauliza nani alikuwa kamanda wako siku ile. Hapo hukuandika kitu. Nikasema ni uzee, amesahau.

Basi mwanao, unayemjua mdomo wake, akaenda kanisani kwetu Rinkeby Jumapili na kusimama wakati wa mahitaji ya maombi. Kwetu ombi halisemwi kwa mafumbo. Ukificha, wenzako watakuombea nini? Nikasema yote. Baba yangu Yohana, shule, lindo, fomu, jina linalokosekana. Nikaomba kama kuna anayemjua kamanda huyo, anisaidie. Kanisa zima likasema amina.

Jumanne akaja Mzee Danieli, yule wa kiti cha mbele anayegawa meza ya Bwana. Alileta mkate na sukari. Ulipofariki alikuwa safarini, akasema, amekuja kutoa pole.

"Pole sana, mwanangu. Sindano alikuwa mtu mwema."

Nilikuwa namimina chai. Nikasema asante, Mzee, nikaendelea kumimina mpaka ikajaa sahani. Sindano. Jina la kambini, walilokupa kwa sababu uliwashonea wenzako vifungo. Uliniambia mara moja tu, ukirekebisha mkoba wa Imani. Kanisani sikulitaja, na Stockholm hii hakuna aliyekuita hivyo.

Angekuwa askari mwenzako tu, tungelia pamoja. Yeye aliomba fomu, ati anisaidie kuijaza. Nikadanganya kwamba iko kwa wakili. Akanywa vikombe viwili, akasimama, akavaa koti lake taratibu. "Mwanangu, aliyelala usimwamshe; ukimwamsha utalala wewe." Mlangoni akamuuliza Imani anatoka shule saa ngapi, maana yeye hupita njia ile. Imani akajibu kwa Kiswidi, kwa adabu tulizomfundisha wenyewe, saa na geti analotokea.

Tangu hapo gari lake la kijivu huegeshwa chini, mkabala na mlango wetu. Nilipiga simu polisi. Wakaniuliza amefanya nini. Nikasema ameleta mkate.

Usiku wa pili nilikumbuka magoti yako, Baba. Mzee Danieli alihamia kanisani kwetu kutoka mji mwingine, na Jumapili aliyotambulishwa wewe uliinuka kabla ya mahubiri ukatoka kwa mlango wa nyuma. Hukurudi tena. Ulisema ni magoti, na magoti hayohayo yalikupeleka hadi mtaa wa Tensta kila siku kununua maziwa. Nikakwambia mbele ya mjukuu wako kwamba umemwacha Mungu. Ukaendelea kushona. Nisamehe. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia makaburini.

Sasa nauelewa mstari ule. Kama hukuacha lindo, basi kuna aliyekuondoa, na aliyekuondoa anajua waliokuwa shuleni walipelekwa wapi. Hawawezi kukusafisha wewe wasimfikie yeye. Ukakubali kuzikwa na uchafu wa mtu mwingine ili mimi na Imani tulale. Nakushukuru, na nimekukasirikia pia. Ungeniambia. Ningeogopa, lakini tungeogopa wawili.

Imani nimempeleka mji wa Tumba kwa shangazi yake. Shuleni nimesema anaumwa. Jana nilikaa hapa nikaujaza mstari wako. Mwandiko wangu umelala, haufanani na wako, lakini jina linasomeka. Orodha ya simu za kanisa mimi ndiye niliyeichapa, najua jina lake kamili linavyoandikwa. Asubuhi hii nimeituma fomu kwa kamati, kwa rejesta, kwenye kaunta ya posta ndani ya duka la vyakula. Yule binti aligonga muhuri akanitakia siku njema.

Niliporudi gari lilikuwepo. Alishusha kioo, akanipungia mkono.

Kwaheri, Baba. Jibu likifika nitakuja kukusomea makaburini, na kama limekuja vizuri nitawaambia wakuandikie cheo chako juu ya jiwe. Na hili nakuahidi hata lisipofika: Jumapili, wakati wa mahitaji ya maombi, nitasimama tena. Safari hii nina jina.

Wewe lala, Koplo. Zamu ni yangu.

Binti yako,
Rehema