Nimelifuta Jina la Baba Kwenye Marejeo

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Mama yangu,

Kabla ya salamu nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Dokta ninayekaa kwake. Nimelifuta jina la Baba kwenye mswada wa Dokta, na mahali pake nimeandika jina lako. Nilifanya hivyo Alhamisi.

Shikamoo Mama. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimewaachia mfinyange, au udongo bado unashinda ndani? Mimi mwili ni mzima, ila macho yananiwasha na shingo imekaza kama nimebeba ndoo kutoka huko mpaka hapa.

Wote tulidhani nikimaliza kidato cha nne na kuja kwa Dokta nitakuwa nachapa tu. Kumbe kazi yenyewe ni marejeo. Ngoja nikueleze, usije ukanihukumu kabla ya kuelewa. Ile habari ya vyungu aliyoifuata kwetu nikiwa kidato cha kwanza, ameiandikia makala, na anataka itoke kwenye jarida la wasomi. Kila anapotumia neno la mtu, lazima aonyeshe amelitoa kwa nani na mwaka gani. Halafu mwisho wa makala watu wote hao wanapangwa kwenye orodha: jina la ukoo, mkato, herufi ya jina la kwanza, nukta, mwaka ndani ya mabano. Jina la kitabu linaandikwa kwa herufi za kulala, la makala haliandikwi hivyo. Mtu akitajwa ndani halafu nyuma hayupo, ni kosa. Akiwepo nyuma na ndani hakutajwa, ni kosa vilevile.

Mswada umesharudishwa mara mbili, na hakuna aliyelalamikia vyungu. Ni nukta na mikato. Mara hii wahariri wameandika kwamba ukiwa na makosa tena hawataupokea. Dokta amesubiri kupandishwa daraja chuoni kwa miaka mingi na makala hii ndiyo iliyobaki, kwa hiyo nyumba nzima tunatembea kimya.

"Zuhura, nukta ya hapa imekwenda wapi?"

"Nimeitoa, Dokta. Walisema baada ya mwaka isiwepo."

"Walisema zamani. Sasa wanasema iwepo."

"Nairudisha."

Nikairudisha kwenye marejeo yote, moja baada ya jingine. Siku ya pili umeme ukakatika kabla sijahifadhi, nikaanza upya. Dada Rose, anayepika hapa, mtu wa Iringa, hupita nyuma yangu na ungo wake akiniuliza, "Wewe mtoto, hizo nukta mnazichemsha au mnazila mbichi?" Nacheka kidogo, kisha narudi kwenye mikato.

Wiki iliyopita ndipo mambo yalipoharibika. Wahariri wametaka kila neno la mahojiano lionyeshwe limesemwa dakika ya ngapi kwenye rekodi. Dokta akanipa rekodi za kijijini na hedifoni, nisikilize na kuandika dakika. Nikafungua ya nyumbani kwetu. Baba anamkaribisha Dokta, anataja majina yake yote matatu, anasema yeye ndiye mwenye nyumba. Halafu anasema anafika dukani mara moja, atarudi. Hatua zake zinaisha. Halafu unaanza wewe.

Mama, tangu niondoke sijasikia sauti yako peke yake. Simu ni ya Baba na huweka spika. Hapo ulizungumza karibu saa nzima. Ulieleza udongo wa kuchimba na wa kuacha, kwa nini vigae vya zamani vinatwangwa na kuchanganywa kwenye udongo mpya, na namna unavyojua chungu kimeiva kwa kukigonga. Nilisikia hata kikohozi changu nikileta maji. Ukasema, "Udongo ukiuharakisha, utakulipa ufa," kisha ukacheka. Nilirudisha pale pa kucheka mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka.

Dokta ameipenda sentensi hiyo mpaka ameiweka mwanzo kabisa wa makala. Na chini yake imeandikwa: Chilumba. Baba! Baba ndiye aliyetia saini ile fomu ya kukubali mahojiano, na jina likachukuliwa kwenye fomu. Baba huyuhuyu aliyekiweka juani chungu chako kibichi ili kikauke upesi, ukakaa siku mbili humsemeshi.

Nilitaka kumwambia Dokta. Unanijua, maneno yanaishiaga kooni. Jumatano wakaja wageni, wakala pilau, wakasema, "Dokta, una mkono wa kupika!" Dokta akashukuru. Jikoni Dada Rose akanikonyeza: "Umesikia? Mie mwenyewe nimefurahi kumfahamu mpishi." Kisha akaendelea kusugua sufuria. "Ndivyo ilivyo, mdogo wangu. Chakula ni cha mwenye nyumba."

Kesho yake nikamtoa Baba kwenye herufi C na kukuweka wewe kwenye N: Nampunju, S. Nikabadilisha na kule mbele, chini ya sentensi yako. Nikahifadhi upesi na kufunga kompyuta kama mwizi.

Ijumaa Dokta alipitia orodha kwa kalamu, mstari kwa mstari. Kwako akapita bila kusimama, nadhani alikuwa anaangalia nukta tu. Akaniuliza, "Kuna chochote umegusa ambacho sikukuambia?"

Nikafungua mdomo. "Dokta..."

"Nini?"

"Hamna, Dokta."

"Basi kapumzike, macho yako yamekuwa pilipili."

Sijapumzika. Fomu ina saini ya Baba na mswada una jina lako. Wahariri wakilinganisha, utarudi kwa mara ya tatu, na itakuwa mkono wangu uliomwangusha mtu aliyenipa pa kulala. Upande mwingine kuna Baba. Mwenyewe nilimsikia kwenye simu akiwaambia wenzake dukani kwamba atatokea kitabuni. Makala ni ya Kiingereza na yeye hakijui, lakini jina lake atalitafuta.

Mswada unatumwa Jumatatu, si ya kesho, ni ile inayofuata. Barua hii nampa Mama mdogo Hadija, anayesafiri Jumanne, akukabidhi mkononi. Maneno ni yako, basi amua wewe. Jumapili ijayo, siku moja kabla, nitapiga simu. Spika itakuwa wazi, nami nitakuuliza habari za vyungu. Ukijibu kwamba kile kikubwa bado kibichi, nitalirudisha jina la Baba usiku huohuo na sitaligusa tena. Ukijibu kimeshakauka, nitamwendea Dokta kabla hajatuma, nimwekee rekodi asikilize, nimwambie nilichofanya na fomu ibadilishwe. Nitasema hata kama nitalia. Kuliacha hivi, limejificha kati ya mikato, siwezi. Nimechoka, Mama.

Mpe shikamoo Baba, na usidhani simpendi. Mpe shikamoo Bibi, mwambie dawa yake ya macho ninaikumbuka. Msalimie kaka Hamisi na korosho zake, na mdogo wangu Mwajuma, asiichezee ile kanga yangu.

Hii usimwonyeshe mtu, hata Bibi, maana Bibi hawezi kukaa na neno. Ukishaisoma, itie kwenye moto wa kuchomea vyungu. Huko Baba hajawahi kufika.

Mwanao,
Zuhura