Glasi Aliyoifunika Olivera

Gornji Koštunac,
24 Novemba 2019.

Mdogo wangu mpendwa Radivoje,

Salamu nyingi. U hali gani huko Melbourne, na lile goti lako? Mimi mzima, ila moyo bado unanidunda kama wa mwizi aliyesikia mbwa.

Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu nilipitisha sinia mwenyewe, kama alivyofanya marehemu mke wangu Stojanka: kijiko cha jamu ya plamu, kisha glasi ya maji ya kisima chetu. Nikamfikia Olivera, mke wa mjukuu wetu Ognjen, yule anayefundisha kemia. Jamu akala, glasi akaifunika kwa kiganja. Mbele ya padri!

“Mkwe, maji yangu yananuka?”

“Babu, nimeyapeleka yakapimwa. Yana dawa ya kunyunyizia miti. Nami nina mimba ya miezi minne. Yasiposafika, tunahamia mjini.”

“Nimeyanywa miaka sabini na nane, hebu nitazameni!”

“Ndiyo tunakutazama,” akasema padri.

Watu wakavunjika mbavu. Mimi pia, mpaka Olivera aliponiuliza bomba la dawa naliosha wapi. Radivoje, nililiosha pale pale kisimani, miaka thelathini! Stojanka alinifokea kila masika: “Sogea mbali, zuzu wewe!” Nami nikimjibu kwamba maji yanajua njia yake. Kumbe yaliijua. Mimi nilikuwa na gongo yangu ya plamu; yeye hakuigusa maisha yake yote. Alikunywa maji hayo tu.

Sasa shangaa nami. Zile kokwa za plamu ninazorundika nyuma ya mtambo wa gongo, Olivera alizichoma ndani ya pipa lililofunikwa zikawa makaa, akayaponda, akayaosha, akayajaza kwenye ndoo yenye matundu. Maji yanapita humo, dawa inanasa kama ndege kwenye ulimbo. Nikamcheka. Juzi kipimo kikarudi: dawa haionekani! Takataka zangu, Radivoje!

Jana nilimpelekea sinia. Akanywa yote, akaomba glasi ya pili. Hawahami.

Glasi yangu sikuinywa. Niliibeba hadi makaburini, nikammiminia Stojanka. Nikamwambia, “Kunywa, mama. Nimesogea.”

Nisalimie shemeji Ljubica na watoto wote. Mtakatifu wetu asiwasahau ng'ambo huko.

Ni mimi kaka yako akupendaye, zuzu yule yule,

Tihomir