Kwa Mama Walburga, Aliyemshika Mkwewe Majini

Mwaka umetimia, Mama Walburga, tangu ulipotutoka katikati ya mvua zile zilizoikata barabara ya ziwani, tukakuzika nusu ya ndugu zako wa Lituhi wakiwa bado wamekwama njiani. Walifika baadaye, Mama. Walilia upya, nasi tukalia nao.

Pale sokoni Songea, meza yako bado inaitwa meza ya Mama Walburga, ingawa anayeuza dagaa sasa ni mwingine. Ulikuwa ukipima kopo, unaongeza konzi, kisha unamwita mteja aliyekwisha ondoka ili umwongeze tena. Dagaa wenye mchanga hukuuza. Uliwapepeta jioni nzima, ukiimba nyimbo za Bikira Maria kwa sauti isiyofuata kinanda cha mtu yeyote.

Na heshima ya mkwe uliishika kama ulivyolelewa. Mkweo Kajetani, mume wa binti yako Dorine, alipokohoa langoni, wewe ulikwisha toka nje kwa mlango wa jikoni, kanga usoni, msionane. Chakula chake ulikipika kwa mikono yako na hukuwahi kumwona akila.

“Dorine, mwambie mumeo aongeze mboga.”

Naye kutoka sebuleni: “Dorine, mwambie Mama nimeshiba.”

Mlisikiana vizuri kabisa, lakini ilibidi maneno yapitie kwa Dorine kwanza.

Kisha ikaja safari ya Mtwara. Biashara ndogo zilikuwa zimeruhusiwa. Kajetani alikuwa anauza mitumba bila kukimbizana na mgambo, na mwanao wa kwanza, Hironimus, alikuwa nahodha wa boti ya matanga ya kutembeza watalii huko Mtwara. Wageni walipopungua, tajiri wake alimwachia boti apumzike na familia yake. Mkapanda ninyi wanne: wewe, Hironimus, Dorine na Kajetani.

Boti ile haikuwa na mlango wa jikoni.

Ulifunga kanga katikati, kutoka mlingoti hadi kwenye kamba. Wewe ukakaa nyuma, mkweo mbele. Hironimus akacheka: “Shemeji, ukitaka chumvi huku nyuma, itabidi uzungukie Msumbiji.” Kajetani hakucheka. Yeye ni mtu wa moto, na utani wa shemeji hubaki mwilini mwake kama mwiba wa samaki.

Mlipofika kwenye matumbawe, Hironimus aligawa miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia. Mkakubaliana: Mama upande wa kushoto wa boti, mkwe upande wa kulia. Uliingia majini na gauni lako na kanga kiunoni, ukalala juu ya maji kama uliyelala kitandani kwako. Ni wewe uliyezaliwa ziwani, nani angekufundisha kuelea? Uliinua kichwa, ukautoa mrija mdomoni na kuita:

“Dorine! Njoo uone! Samaki wamevaa kama wanakwenda harusini! Wa njano, wa buluu, mwingine ana mistari kama jezi ya mpira! Nani atathubutu kuwaanika juani hawa?”

Hironimus akamgeukia Kajetani na boya mkononi. “Vaa hili, shemeji.”

“La nini? Mimi nimejifunza kuogelea mto Ruhila.”

“Ruhila! Ruhila ukisimama, magoti yanaonekana!”

Hapo ndipo alipojitosa, bila boya, na bukta peke yake. Mwanzoni alifurahi. Chini yake matumbawe yalikuwa yamejikunjakunja, mengine mapana kama ungo, mengine yenye matawi, na samaki wadogo wakiingia na kutoka humo bila kumwogopa. Akawafuata. Akawafuata hadi matumbawe yalipoishia na sakafu ikaondoka chini ya tumbo lake, pakabaki buluu tupu isiyo na mwisho. Alitafuta pa kusimama. Maji yakaingia kwenye mrija, miwani ikamtoka, akaanza kuyapiga maji kama anayepigana na watu.

Hironimus alikuwa mbele ya boti, ameshughulika na nanga. Dorine hajui kuogelea, alipiga kelele tu. Nawe, Mama, uliizunguka boti. Kanga ilikutoka kiunoni, ukaiacha iende. Ulimshika mkweo kwapani, naye kifua wazi, ukamgeuza.

“Kajetani! Lala chali! Acha kupigana, lala chali. Nimekushika.”

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia bila kupitia kwa mtu.

Mlipopandishwa, ulirudi nyuma ya pazia, naye akakaa mbele akiwa amewapa mgongo. Alikuwa ameokolewa, na alitamani bahari immeze kuliko kushikwa akiwa uchi wa kifua na mama mkwe.

Shangazi Lidwina alieleza mapema jinsi aibu hiyo inavyoondolewa kwetu: mkwe alete kuku na doti ya kanga, mle pamoja, na baada ya hapo mnaweza kutazamana na kuongea kama mama na mwana. Wewe ulikubali kwa furaha. Lakini kwa Kajetani, kumleta kuku kulikuwa kutangaza mbele ya ukoo wote kwamba aliokotwa majini. Akasema baada ya mavuno. Kisha akasema baada ya Pasaka.

Na sisi wengine, Mama, tunaona aibu kuliko yeye. Kisa kilikuwa kitamu, tukakipeleka sokoni. Watu wakamwuliza kwenye kibanda chake: “Kajetani, leo mvua kubwa, mama mkwe yuko karibu?” Kila tulipocheka, tulimsogeza kuku mbali zaidi. Wewe uliendelea kumkwepa kwa mlango wa jikoni, ukimwuliza Dorine taratibu, “Mkwe bado?”

Moyo wako ulipochoka na ukalazwa hospitalini, Kajetani alikuja na kuku. Mlinzi alimsimamisha getini. “Kuku naye anaumwa?” Akamfunga kuku kwenye mguu wa benchi la mlinzi, akaingia wodini na kanga mkononi, macho sakafuni.

“Dorine, mwambie...” ulianza. Kisha ukaacha. “Kajetani. Kuku yuko wapi?”

“Yuko getini, Mama. Wamemkatalia.”

Ulicheka mpaka ukakohoa. “Basi amefika. Nitazame.”

Aliyainua macho. Yalifika kwenye mikono yako juu ya blanketi, yakaishia hapo.

“Nitazame, mwanangu.”

Hakuweza. Jioni ile ukatutoka.

Picha iliyo juu ya tangazo hili ameichagua yeye. Tulimkuta ameishika kwa muda mrefu, akamwuliza Dorine, “Mama alikuwa na mwanya?” Ndipo tulipoelewa kwamba siku mlipokaribiana majini, uso wako ulikuwa nyuma ya miwani, na kwamba hakuwahi kuuona.

Unakumbukwa na wanao Hironimus, Dorine na Pamela, shangazi Lidwina, wajukuu, majirani wa sokoni, na mkweo Kajetani, anayekutazama sasa. Hutatoka mioyoni mwetu, Mama, siku zote tutakazoishi.