Dada, Mtoto Usimzalie Naipingo

Dada Somoe,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na unapata usingizi. Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia tangu uliponipigia. Nimeandika kwa sababu simu yako huwa mnaiweka sauti kubwa na mama mkwe anasikiliza. Isome peke yako.

Uliniuliza kama hawa madaktari ninaowafanyia kazi huku ughaibuni, wanaopasua watoto wakiwa bado tumboni, wanaweza kumziba mwanao huo mgongo wazi ulioonekana kwenye kipimo. Ukauliza pia kama ubongo wake hautaharibika.

Kazi yangu ni kulisha kondoo na kusafisha mabanda. Madaktari hutoboa matundu madogo tumboni kwa kondoo mwenye mimba, wanaingiza gesi ili wapate nafasi ya kuona, wanamtengeneza mwanakondoo humo humo. Hofu yao ni kama yako, kwamba gesi ile huenda inadhuru ubongo. Kwa hiyo mwishoni mwanakondoo huuawa, ubongo ukakatwa vipande vyembamba na kupimwa. Wiki iliyopita yalitoka majibu ya mwanakondoo wa kondoo jike mmoja niliyekuwa namlisha kwa mkono alipokataa kula. Nikamngoja mlangoni daktari mmoja mwanamke tuliyezoeana.

"Ubongo ulikuwa mzima," akaniambia. "Hatujaona jeraha."

Nilifurahi, Dada, kama vile kamtaja mwanao. Nikamweleza habari zako zote. Akauliza mimba ina miezi mingapi.

"Wa nane umeingia."

Akavua glavu. "Nitakuwa muongo nikikupa tumaini. Upasuaji huu hufanywa mapema, kwenye mwezi wa sita hivi. Na kondoo si mtu. Bado tunajifunza."

Nilirudi bandani nikalia mbele ya kondoo. Miaka yote hii niko karibu na jambo lenyewe, na siwezi kukusaidia nalo.

Jioni nikamfuata tena, nikamshika mkono, kitu ambacho huku hakifanywi. Nikamwambia, basi nieleze tufanye nini. Akasema mtoto azaliwe hospitali kubwa yenye wapasuaji wa watoto, mgongo uzibwe ndani ya siku moja au mbili, kabla wadudu hawajaingia. Kichwa kipimwe mara kwa mara, maana maji huweza kujaa. Miguu huenda isipate nguvu, hilo hakunificha.

Nakusihi, toka Naipingo sasa, uchungu usikukute hapo. Ufuta uacheni shambani, hata ukipukutika. Mama mkwe akisema umerogwa, mwache aseme. Daktari kaniambia hukukosa lolote.

Nisalimie mama kule Narung'ombe, mwambie afuatane nawe. Nisalimie shemeji Mfaume. Mwambie simlaumu kwa hali ya mtoto, lakini akikuchelewesha nitamlaumu mpaka nife.

Anayekukabidhi barua hii ni Hadija, niliyesoma naye Ruangwa, anayerudi nyumbani kutoka huku. Nimemwomba asiondoke hapo kabla hajakuona umefunga mzigo.

Mdogo wako anayekuombea,
Swalehe