Gari Limekosa Pumzi Mlimani

Nyumbani, chini ya mlima,
Jumapili alasiri, mvua imekatika.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu huko uliko. Kifua chako kimepona? Na baridi je, umeizoea, au bado unalala na soksi? Sisi tunamshukuru Mungu, tunapumua. Ila moyo wangu hautulii, ndiyo maana hata mwandiko wangu leo unapanda na kushuka.

Mwanao, huyu binti yangu, mimba yake imefika ukingoni. Mkunga alimpapasa juzi, kisha akanivuta pembeni: mtoto amelala kikingamo, hawezi kuzaliwa hapa, ni lazima apasuliwe hospitali kuu, kule juu mlimani. Akasema uchungu usimkute nyumbani. Mtoto wake wa kwanza tulivyompoteza njiani unakumbuka, sina nguvu ya kuandika tena.

Tangu mvua ilipoila barabara, magari ya kukodi hayataki kupanda. Limebaki pikapu letu kuukuu. Basi Ijumaa shemeji yako akalijaribu mlimani, tena tupu, halina hata gunia. Lilifika katikati likatetemeka kama mwenye homa, likagoma. Akarudi kinyumenyume mpaka chini. Alipoingia ndani bila kunisalimu, nikajua mambo si mambo.

Jana tukamwita fundi, yule wanayemwita Polepole. Alifungua plagi zote, akawa anachomeka geji ya kupimia pumzi ya injini kwenye tundu moja moja huku shemeji yako akipiga stata. Mimi nilisimama pale nikisali, maana spana sijui kushika. Kwenye silinda tatu kati ya nne mshale ulipanda vizuri. Ile ya tatu kutoka mbele ukafika nusu, ukalala. Fundi akasema hapo ndipo pumzi inapovujia.

Akamimina mafuta kidogo ya injini kwenye tundu hilo, akapima tena. Alinieleza kwamba mshale ukipanda, zilizokwisha ni ringi za pistoni. Ukikaa palepale, basi valvu, vile vilango vya pumzi, hazifungi. Mdogo wangu, nilimwomba Mungu mshale upande, bila kujua kama hilo ni heri au shari. Ukakaa palepale.

Akafungua kifuniko cha juu, akajaribu kupenyeza kibati chembamba kwenye nafasi ya tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu zifunguke. Hakikuingia.

“Nani amezikaza hivi?”

Shemeji yako akajikohoza. “Ni mimi. Zilikuwa zinagonga alfajiri nikiwasha, na binti analala hapo dirishani. Usingizi wenyewe anauokota.”

“Mzee wangu! Tapeti ikiongea kidogo ni nzima. Wewe umeiziba mdomo, sasa valvu imebaki wazi, moto unapita humo humo.”

“Ile ya tatu ndiyo ilikuwa na kelele zaidi.”

“Ndiyo uliyoinyonga zaidi!”

Nilitaka kumgombeza mume wangu, nikashindwa. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtoto aliyevunja chungu. Kwa mapenzi yake kwa mwanawe, ameliua gari la kumwokoa.

Fundi alizilegeza zote, akapima tena. Mshale ulipanda, lakini haukufika pale ulipofika kwenye silinda zile nyingine. Ukingo wa valvu umeshaanza kuungua. Kuitengeneza ni kufungua injini nzima, na tumbo la mwanao halingoji. Nikamuuliza, litapanda au halitapanda? Akafuta mikono muda mrefu. “Mama, litapanda likiwa jepesi, asubuhi injini ikiwa bado ya baridi. Lakini msisimame kilimani. Likizima hapo, sina la kuwaambia.”

Usiku sikupata usingizi. Nilifikiri tungoje, huenda mtoto akageuka mwenyewe. Kisha nikajiuliza, na uchungu ukianza mvua ikinyesha? Tumeamua: tunaondoka kesho kukipambazuka, kabla ya uchungu. Mwanao hajaambiwa habari ya injini. Anajua tunawahi kitanda tu. Atakaa mbele na baba yake. Mimi nitapanda nyuma, na likianza kurudi nitaruka niweke jiwe chini ya tairi. Usicheke, na umri wangu huu. Jiwe nimeshalichagua, liko mlangoni.

Nisalimie shemeji, wale mapacha, na mama mkwe wako. Ukiisoma hii tutakuwa tumeshapanda au hatukupanda, lakini omba tu, Mungu hazuiwi na tarehe ya barua. Akufunike wewe na nyumba yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hofu.