Nimemdanganya Mume Wangu Kuhusu Betri za Trela

Mpendwa Bi Thora, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana najua mezani kwako zinafika barua za watu wenye mambo mazito, ndoa zilizovunjika na watoto wasiopiga simu, na mimi nimekaa hapa jikoni na miaka yangu sabini na miwili nakuandikia kuhusu betri za trela, lakini nisipomwambia mtu nitapasuka.

Mume wangu Zenon alipata kiharusi tarehe nane Oktoba, akiwa uani anakwangua matope kwenye viatu, na tangu siku hiyo yuko mjini Yorkton kwenye kituo wanakomfundisha upya kutembea na kuongea, maana upande wa kulia wote ulilala na maneno yakamkimbia. Tuna trela la kulala, si kubwa, lina kitanda, jiko la gesi na meza, na kila Juni kwa miaka kumi na tisa tumelivuta hadi ziwani kuvua samaki na kugombana nani kasahau kifungua kopo. Juu ya paa lina sola moja inayochaji betri mbili zilizo kwenye sanduku pale mbele, na hizo betri, Bi Thora, anazitunza kuliko alivyowahi kuutunza mwili wake. Majirani wengine baridi ikikaribia wanazichomoa na kuziweka ndani ya nyumba, yeye hataki, anasema betri iliyojaa haiogopi baridi, inayoogopa ni iliyoishiwa, basi anaziacha pale pale, anazima swichi kuu, na kila Jumamosi msimu mzima wa theluji anapanda ngazi na ufagio kuifagia sola, halafu anapima volti na kuandika kwenye daftari, na mimi nimesimama chini nimeshika ngazi namwambia mzee utaanguka na yeye ananiambia basi shika vizuri.

Alipougua hakuwa amefanya lolote kati ya hayo. Mimi nikaona nimfanyie jambo la maana, nikanunua turubai kubwa la kijani, nikalifunika trela lote kuanzia juu mpaka magurudumuni, nikalikaza kwa kamba za kufungia majani ya ng'ombe, mafundo kumi na sita, na nilipomaliza nilisimama nikalitazama nikaona fahari kweli, nikasema akirudi atalikuta kavu. Swichi kuu sikuijua iko wapi, na sikufikiria kuitafuta.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mwezi Novemba, Jumapili ya kwanza alipoweza kutoa sentensi nzima, mwalimu wake wa kuongea akiwepo, Zenon hakuniuliza habari yangu wala ya mjukuu wake. Alikunja uso, akahangaika sana, kisha akasema, "Volti ngapi, mama?" Yule mwalimu machozi yakamtoka. Na mimi sikuwa nimepima kitu, nimeshalifunika trela, lakini ningemwambiaje mtu aliyepanda mlima namna ile kutafuta maneno matatu, nikasema kumi na mbili nukta saba, namba niliyoikumbuka tu. Akafumba macho akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa inakubali. Tangu hapo kila Jumamosi nafungua daftari lake la mwaka jana, natafuta Jumamosi ya wiki ile ile, nakariri namba, na Jumapili naenda kumsomea kichwani kama mtoto wa shule. Anazifurahia. Anafanya mazoezi ya mguu mpaka jasho linamtoka, akiulizwa kwa nini anasema Juni.

Tarehe sita Januari, mkesha wa Krismasi kwetu tunaofuata kalenda ya zamani ya kanisa, niliandaa vyakula vyote kumi na viwili vya desturi japo nilikuwa peke yangu, na sahani yake nikaiweka, kisha nikakumbuka bakuli la kutilia ngano na asali limebaki kwenye trela tangu Juni. Ilikuwa saa kumi alasiri, baridi nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Nikafungua fundo moja nikaingia kwa kutambaa, nikabonyeza taa, giza. Nikaenda mbele nikafungua sanduku. Betri moja imevimba kama mkate uliozidiwa hamira na nyingine imepasuka ubavuni, ndani barafu tupu. Nilikaa kwenye theluji nikalia, Bi Thora, nililia kuliko nilivyolia Oktoba.

Ile iliyopasuka nimeiingiza ndani, iko hapa karibu na jiko juu ya gazeti ikiyeyuka, nafikiri ikishapata joto nitaitia chaja huenda ikaamka. Jirani yetu Garnet, mtu mwema sana, alikuja akaiona akatikisa kichwa, akaniambia tusihangaike, atanunua mbili za aina ile ile, atazipaka vumbi na kuiga mwandiko wa tarehe ambayo Zenon huiandika juu ya betri zake, Zenon hatajua mpaka anakufa. "Mgonjwa haambiwi kila kitu," alisema. Na mimi usiku na mchana nawaza, kwa sababu Jumapili iliyopita Zenon alitembea hatua tisa akishika chuma cha ukutani, halafu akaketi akaniuliza tena volti ngapi, na nilipomjibu alinishika kidole akasema, "Zinavumilia." Nikimwambia ukweli nahofia atauacha huo mguu. Nisipomwambia, siwezi tena kumtazama usoni. Nifanye nini?

Mimi,
Mwenye Turubai, kaskazini mwa Yorkton

BI THORA ANAJIBU

Mwenye Turubai, kabla hujasoma mstari wa pili, ondoa hiyo betri jikoni. Vaa glavu za mpira na miwani, iweke kwenye ndoo ya plastiki, itoe nje mbali na mlango, na pale ilipokuwa imekaa mwagia magadi ya kuokea mpaka yaache kutoa povu, ndipo uoshe. Maji yanayotoka humo ni asidi. Chaja usiiguse. Betri iliyoganda ukiitia umeme inaweza kulipuka, na Zenon anahitaji mke mwenye macho mawili. Hiyo haitaamka, dada yangu. Wala ile nyingine iliyovimba. Mpe Garnet azipeleke wanakopokea betri mbovu, hiyo ndiyo kazi nitakayomruhusu.

Umerudi? Keti.

Mimi nami niliua betri mbili kwa mikono yangu miwili mwaka tuliohamia huku, kwa hiyo nakusema kama mwenzako. Uliifunika sola. Ukaacha swichi imewaka, na ndani ya trela kuna kengele ya kunusa gesi isiyolala, inanyonya kidogo kidogo mchana na usiku, na juu hakuna jua la kurudisha kinachonyonywa. Zikaishiwa kabla ya Desemba, na betri iliyoishiwa inaganda kwa baridi ambayo watoto wetu wanachezea nje bila kofia. Iliyojaa ingepita Januari hii yote bila kutikisika. Mumeo alikuwa sahihi kwa kila neno. Ulichokosea wewe ni kumpenda mtu miaka yote hiyo ukiwa umeshika ngazi bila kumuuliza hata siku moja anafanya nini huko juu, na hilo wengi wetu tumelifanya.

Sasa hiyo habari ya daftari. Unajua unasoma namba za mwaka jana. Lakini betri nazo zinazeeka, na aliyezipima kila Jumamosi miaka hiyo yote anajua kwamba mwaka huu zilitakiwa kushuka kidogo. Wewe unamletea namba zile zile, hazikosei hata nukta. Sijui kama amekugundua, na wewe hujui. Lakini kama amekugundua, basi kila Jumapili mmekaa hapo wawili, wewe unadanganya ili asiumie na yeye anakubali ili usiumie wewe, na kila mmoja anarudi kitandani kwake na mzigo wa mwenzake. Mmezeeka mno kwa michezo hiyo.

Garnet mwambie asante, na vumbi lake alibakize shambani kwake. Anayesema mgonjwa haambiwi ni yule ambaye hajalala kitandani miezi mitatu. Fikiria siku ya Zenon inavyokwenda. Kila anayeingia chumbani anamwambia vizuri, vizuri sana, hata akiangusha kijiko. Anakandwa, analishwa, anasifiwa. Tangu Oktoba hakuna hata mtu mmoja aliyemletea tatizo, na huyo ni mwanaume ambaye maisha yake yote watu walimjia na matatizo. Unaogopa ukweli utamfanya auache mguu. Mimi naogopa kitu kingine, kwamba mnamhurumia mpaka anabaki hana kazi duniani. Neno lake la kwanza baada ya kiharusi halikuwa kuomba maji. Aliomba apewe taarifa ya kazini kwake.

Basi mpelekee kazi. Kesho asubuhi tafuta swichi kuu, mara nyingi iko karibu na sanduku la betri au ndani ya mlango karibu na ngazi, uizime. Turubai lifungue kwa mbele tu, sola ionekane, na usipande popote, theluji iondoe kwa ufagio wenye mpini mrefu ukiwa chini. Ncha za nyaya zilizobaki zisugue kwa brashi, zipake grisi, zifunge kwa kitambaa zisigusane. Betri mpya usinunue sasa. Kwenye baridi hii utakuwa unanunua kitu cha kukaa tu. Ngoja Aprili, na mchaguzi awe yeye, hata kama itabidi anyooshe kidole badala ya kusema. Zikija, mwambie muuzaji azijaze kabisa, na tarehe aandike Zenon mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Itatoka imepinda. Iache hivyo hivyo. Baridi ijayo utapima wewe, yeye atakaa dirishani akusimamie, na Jumamosi yoyote ukikuta chini ya kumi na mbili nukta nne, utachaji siku hiyo hiyo bila kungoja Jumamosi inayofuata.

Juni sikuahidi. Daktari wake ndiye wa kusema hilo, na pengine mwaka huu mtalala kwenye trela lililosimama uani kwenu huku mmefungua madirisha. Hilo pia ni safari kwa mtu aliyetoka huko alikotoka.

Jumapili hii nenda mapema, kabla ya mwalimu na kabla ya wageni. Usianze na kulia. Mwambie betri zimekufa, umeziua wewe, kwa turubai na swichi, na kwamba namba zote ulizomletea ulizitoa mwaka jana. Mwambie yote kwa mara moja, kisha nyamaza.

Atakasirika, na ana haki. Atataka kukugombeza, na neno litamkwama kooni, na wewe uliyeishi naye muda wote huo utakuwa umeshalijua kabla yeye hajalifikia. Usimtajie. Kaa upande wake wa kushoto, mkono unaohisi uushike, na umwache amalize kukugombeza mwenyewe, neno kwa neno, hata kama chakula chake cha mchana kitapoa.